Wangapi Wanapanda?

Saa nane za usiku namgeuza ubavu,
mto katikati ya magoti, kisigino kining'inie
kisiguse shuka: kisigino ndicho huanza kuoza.
Nazibrola hafumbui macho. Anauliza,
"Wangapi wanapanda?"

Mmoja, namwambia. Ni mimi tu.

"Shika chuma, basi. Leo kuna upepo."

Nashika chuma, ukingo wa kitanda,
nangoja kengele ambayo haitalia.

Miaka thelathini na mmoja alikuwa mhudumu wa gari la waya
hapa Chiatura, toka mtoni hadi mgodini:
kibanda cha bati, madirisha mawili ya duara,
wachimbaji kumi na wawili, weusi wa manganizi hadi kwenye kope.
Hakudondosha hata kofia ya mtu.
Hilo analo bado. Jina la mwanawe limemponyoka
kama sabuni, ukiinama kuliokota
linakwenda mbele zaidi.

Daktari Merabi alimwambia achore saa.
Akachora duara. Namba hakuweka.
Akaweka mlima.
Daktari akaandika sifuri.
Karatasi ile niliiiba, iko kabati la dawa
nyuma ya chupa za spiriti.

Wiki ya kwanza alinizaba kofi, sifichi.
Nilikuja na beseni na ile sauti ya uji tunayofundishwa,
"Haya bibi, sasa tunaoga, eeh?"
Haki yake. Nani avuliwe nguo na mgeni
kisha ashukuru?

Ni Izolda mfagiaji aliyenifunza.
Aligonga mlango kwa mpini wa fagio, ngo, ngo,
akasema, "Mlimani, tafadhali,"
kwa sauti ya msichana anayechelewa shule.
Nazibrola akajiweka sawa. "Ingia, funga mlango."
Tangu hapo nagonga mara mbili.
Sponji likifika bega nasema: kituo cha kwanza.
Kwapani: cha pili. Ananiinulia mkono mwenyewe.

Kuna siku haisaidii.
Pembeni husimama abiria mwenye kofia mbichi,
hajalipa, hashuki. Zamani nilimwambia,
bibi, hapana mtu pale.
Sasa namdai yule mtu nauli.
Mara nyingine hulipa. Mara nyingine hakubali,
na Nazibrola hulia mpaka kupambazuke,
nami nina wagonjwa watano wengine,
na mgongo kama ubao ulionyeshewa.

Chai naitia unga iwe nzito, isikimbilie mapafuni.
Kidevu chini. Meza. Meza tena.
Kijiko kimoja, na nje theluji imeshafunika ngazi.

Miaka tisa niliosha mama wa watu kule Bari,
nikatuma euro za dawa za mama yangu.
Aliye jirani yake aliniambia baadaye:
kila nikikata simu, mama aliuliza,
"Msichana huyu mwema ni wa nani?"
Sijui kwa nini nimelitaja hili. Kijiko kingine.

Jumamosi alikuja Zaza, mwanawe, kutoka Thesaloniki.
Akasimama kizingitini, koti amelikunja mikononi.
"Atanijua?" akaniuliza kwa mnong'ono,
kana kwamba kuna aliyelala.
Nikamwambia, gonga mara mbili. Ukiingia, shika chuma.
Akanitazama kama mimi ndiye mgonjwa.
Lakini aligonga.

"Wangapi wanapanda?"

Akameza mate. "Mmoja."

"Mmoja?" Nazibrola akanyoosha shingo,
akamkagua toka viatu hadi paji la uso.
"Na huyo mtoto uliyembeba?"

Zaza akaliangalia koti.
Akalipandisha kifuani, taratibu,
akaweka kiganja pale ambapo kingekuwa kisogo.
"Mtoto halipi," akasema mamaye. "Sogea ndani,
mlango una baridi."